Nyonga ya mzee imevunjika: jinsi ya kulinganisha skrubu, bamba, msumari na kichwa bandia kabla ya kutia sahihi

Hapa kwetu Lanet bado naitwa Sista, ingawa nilistaafu. Kila mwezi lazima mtu abishe lango akiwa na bahasha kubwa ya kahawia kwapani, au simu yenye picha ya eksirei iliyopigwa ikiwa imebandikwa dirishani. "Sista, tumeambiwa tununue DHS. Mwingine ametuambia msumari ndio wa kisasa. Shemeji naye anasema siku hizi watu wanabadilishiwa nyonga nzima. Tushike lipi?" (DHS ni bamba lenye skrubu nene; msumari ni chuma kirefu kinachoingia ndani ya uwazi wa mfupa.)

Mimi si daktari wa mifupa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye meza ya vyombo thieta, kumkabidhi daktari drili na skrubu, na kuhesabu pamba zitoke zilivyoingia. Ukisimama hapo miaka 23, unajua chuma kipi hurudi na kwa nini. Na nilichokiona ni kwamba familia huanzia mwisho: huuliza bei ya chuma na kimetoka nchi gani, kabla ya kuuliza mfupa umekatika wapi. Anza na mahali palipovunjika. Kisha mtazame aliyevunjika, halafu nyumba atakayorudi. Ukimaliza hayo matatu, mara nyingi chuma kinabaki kimoja au viwili tu vya kulinganisha.

Mstari umepita wapi?

Mfupa wa paja kwa juu umeumbwa kama rungu lililopinda. Kuna kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe cha nyonga, shingo fupi inayoinama, kisha vinundu viwili: kikubwa upande wa nje, ndicho unachokigusa ukishika kiuno na kushuka kidogo, na kidogo upande wa ndani. Chini ya hapo ni mfupa wenyewe mrefu wa paja.

Kichwa na sehemu kubwa ya shingo vimefunikwa na mfuko wa kiungo. Damu ya kichwa hupanda kutoka chini, kwa mishipa myembamba iliyoshikamana na shingo. Shingo ikikatika na vipande vikihama, mishipa hiyo inaweza kukatika pia. Mtu wa Nakuru haelezwi hili mara mbili: bomba la chini likipasuka, wa ghorofa ya nne hana hata maji ya chai. Kichwa kisichopata damu hufa polepole, na wakati mwingine mfupa hukataa kuunga kabisa.

Ukivunjika chini zaidi, eneo la vinundu, damu ni tele na mfupa huunga kwa urahisi. Shida ya hapo ni nyingine: misuli mikubwa ya paja inavuta vipande kila upande, na uzito wote wa mwili unapita papo hapo. Ndani ya mfuko tunaogopa damu, nje ya mfuko tunaogopa uzito.

Basi mwulize daktari maswali haya akiwa ameinua picha kwenye taa. Ni ndani ya mfuko au nje? Kama ni ndani, vipande vimehama au viko palepale? Kama ni nje, je, ule ukuta wa nje wa mfupa ni mzima, na mstari unashuka kwenda ndani au unashuka kwenda nje? Daktari mzuri hatakasirika. Na hakikisha kuna picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, maana nimeona shingo iliyoonekana imetulia kwa mbele kumbe kwa ubavuni imelala nyuma kama mlango uliong'oka bawaba.

Ikiwa ni ndani ya mfuko

Kama vipande havijahama, kwa kawaida huwekwa skrubu tatu ndefu zenye tundu katikati, zikiingia sambamba kwa mpangilio wa pembetatu iliyosimama kichwa chini. Kidonda ni kidogo na damu inayopotea ni kidogo, kwa hiyo hata mzee mwenye moyo dhaifu huvumilia. Madaktari wengine huchagua DHS hapo hapo, nitaieleza mbele. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2017, uitwao FAITH, ulilinganisha hizo mbili kwa wagonjwa 1,108 wa miaka 50 na zaidi waliovunjika shingo ya paja. Ndani ya miaka miwili waliorudishwa thieta walikuwa karibu mmoja kati ya watano, pande zote mbili. DHS ilielekea kuwafaa zaidi wavutaji sigara, na wale ambao mstari umekatia chini kabisa ya shingo au vipande vimehama. Kwa hiyo hospitali ikikuambia "sisi huweka skrubu" na nyingine "sisi huweka DHS" kwa mvunjiko uliotulia, usipoteze siku mbili ukizunguka kutafuta aliye sahihi.

Vipande vikiwa vimehama, umri ndio unaoamua. Kijana aliyeangushwa na lori kwenye barabara ya Salgaa, miaka 31, bodaboda, alifikishwa kwetu shingo ikiwa imekatika na kuhama. Kwa kijana, kichwa chake mwenyewe hakitupwi kirahisi, kwa sababu kiungo bandia huchakaa na yeye ana miaka mingi ya kukitumia. Aliingizwa thieta mapema, vipande vikarudishwa mahali pake sawasawa, kisha vikafungwa. Mstari wake ulikuwa wima sana, wa aina ambayo kila hatua inataka kuuteremsha, hivyo daktari akaweka DHS na skrubu moja ya ziada juu yake kuzuia kichwa kisizunguke. Aliunga. Hata hivyo aliitwa kupiga picha kwa miaka miwili, maana kichwa kinaweza kufa baada ya mfupa kuunga, wakati kila mtu ameshasahau.

Mzee ni habari nyingine. Jirani yangu mmoja, miaka 74, shingo ilihama kabisa. Familia ikapiga hesabu: skrubu tatu ni nafuu kuliko kichwa bandia. Hospitali fulani ikakubali. Mwezi wa nne skrubu zilikuwa zimerudi nyuma zinachoma misuli ya paja, mzee hakanyagi chini, na ikabidi afunguliwe tena, zitolewe, awekewe kichwa bandia ambacho angewekewa siku ya kwanza. Walilipa mara mbili, na miezi minne ya kulala kitandani ilimla misuli ambayo haikurudi. Mzee mwenye shingo iliyohama, na ambaye alikuwa akitembea, kwa kawaida hufaa kubadilishiwa. Ukisikia anapangiwa skrubu, uliza sababu. Inaweza kuwepo, lakini isiwe bei peke yake.

Kubadilisha kuna namna mbili. Hemi ni kuondoa kichwa kilichovunjika na kuweka cha chuma, kikombe cha nyonga kikibaki cha mwenyewe. Ile ya Austin Moore, daktari wa Marekani aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1940, nimeikabidhi mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ina matundu kwenye shina, ile sehemu inayoshuka ndani ya mfupa wa paja, na huingizwa bila simenti, yaani gundi maalumu ya kuishikiza mfupani. Nyonga kamili ni kubadilisha kichwa na kikombe pia. Utafiti wa HEALTH wa 2019, wagonjwa 1,495, ulikuta kwamba ndani ya miaka miwili waliohitaji upasuaji mwingine walikuwa karibu 8 kati ya 100, uwe umewekewa hemi au nyonga kamili, na nyonga kamili ilichomoka mara nyingi zaidi. Mimi nikiulizwa: mzee ambaye safari zake ni nyumbani hadi kanisani, hemi inamtosha. Mwalimu mstaafu wa miaka 66 anayepanda Menengai kila Jumamosi, hapo mzungumze nyonga kamili.

Simenti ni swali ambalo hakuna anayeniuliza, na lingefaa liwe la kwanza. Shina lililoshikiliwa kwa simenti hutulia papo hapo. Shina lisilo na simenti ndani ya mfupa mwepesi wa mzee linaweza kucheza, paja likauma kila hatua, au mfupa ukapasuka pembeni yake. Utafiti wa Uingereza wa 2022 wenye wagonjwa 1,225 wa miaka 60 na zaidi ulikuta waliowekewa simenti wana maisha bora kidogo, na waliopasuka mfupa kuzunguka chuma ni karibu 1 kati ya 200, dhidi ya 4 kati ya 200 kwa wasiowekewa. Simenti nayo ina siku yake mbaya: inaposukumwa ndani, presha inaweza kuanguka ghafla. Mtu wa usingizi lazima aambiwe dakika ile. Kwa hiyo mpelekee historia ya moyo na mapafu ya mzee kwa ukamilifu, msifiche kitu kwa kuogopa upasuaji kuahirishwa.

Ikiwa ni nje ya mfuko

Hapa nimekosea mwenyewe. Julai 2019, Mama alikuwa na miaka 79, Molo, baridi ile ya kukata masikio. Alitoka alfajiri kwenda chooni akateleza kwenye tope mbele ya zizi. Vijana walimpakia kwenye pikapu ya viazi. Nilimkuta mguu wa kulia umefupika na vidole vimegeukia nje, sikuhitaji eksirei kunieleza.

Picha ilionyesha mstari eneo la vinundu. Nikamwambia daktari, kijana ambaye ningeweza kumzaa, kwamba nataka Mama awekewe msumari. Nilikuwa nimeiona misumari ikiingia kwa vitundu vidogo, nguo za thieta zikitoka karibu safi. Akaniwekea picha kwenye taa. "Sista, mstari ni mmoja, umeshuka kutoka kinundu kikubwa hadi kidogo. Ukuta wa nje ni mzima. Mfupa wa ndani unagusana. Msumari utamfanyia nini ambacho bamba haliwezi?" Nilifungua mdomo nikaufunga.

Alichowekewa ni DHS. Skrubu moja nene huingia kichwani kupitia shingo, na mkia wake hulala ndani ya mrija wa bamba lililofungwa kando ya paja kwa skrubu ndogo. Pembe kati ya mrija na bamba kwa kawaida ni nyuzi 135. Mgonjwa akikanyaga, ile skrubu nene huteleza ndani ya mrija na vipande hukandamizana, na mfupa unaokandamizwa hupenda kuunga. Ndiyo maana mguu unaweza kufupika kidogo baadaye. Mtoto asikimbilie kumlaumu daktari.

DHS inategemea sana mkono wa anayeiweka. Ncha ya skrubu ikae katikati ya kichwa na karibu na mwisho wake. Daktari Baumgaertner na wenzake walionyesha 1995 kwamba ukijumlisha umbali kutoka ncha hadi kilele cha kichwa kwenye picha ya mbele na ile ya ubavuni, jumla isizidi milimita 25: katika skrubu 120 zilizokuwa ndani ya kipimo hicho, hakuna iliyotoboa kichwa. Kwa hiyo chuma cha bei nafuu kilichowekwa katikati hukishinda cha bei ghali kilichowekwa juu pembeni. Baada ya upasuaji omba uonyeshwe picha zote mbili, na uulize umbali huo ni kiasi gani.

Msumari ndio unaofaa mambo yakiwa mabaya zaidi. Hukaa ndani ya uwazi wa mfupa, karibu na mstari wa uzito, kwa hiyo mzigo hauupindi kama unavyolipinda bamba lililo pembeni. Ukuta wa nje ukiwa umevunjika, bamba halina pa kuegemea. Na mstari ukiwa wa kinyume, unaoanzia ndani juu na kushukia nje chini, kule kuteleza kwa DHS ambako kwa Mama kulisaidia hapa hutenganisha vipande badala ya kuvibana. Hapo usikubali DHS kwa sababu ndiyo iliyopo stoo. Vivyo hivyo mvunjiko wa chini ya kinundu kidogo: msumari mrefu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotoka 2011, uko upande huo huo; unapendelea skrubu ya kuteleza kwa mivunjiko ya kawaida ya eneo la vinundu, na msumari kwa ile ya chini yake. (Mtu akivunjika hapo chini bila kuanguka kwa maana, amegeuka tu jikoni, daktari atafute saratani iliyoingia mfupani kabla ya kufunga chochote.)

Hasara za msumari? Bei, kwanza. Unaweza kupasua mfupa penye ncha yake. Na unahitaji ile mashine ya eksirei yenye mkono wa upinde inayozunguka meza ya upasuaji. Uliza kama ipo na kama inafanya kazi wiki hii, si kama hospitali inayo. Shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle wa jimbo la Washington, Marekani, lilibuni msumari unaoweza kufungwa bila mashine hiyo, kwa kifaa cha nje kinachoelekeza drili kwenye matundu. Unatumika katika hospitali kadhaa za Kenya, na lengo la shirika ni mgonjwa maskini asilipie chuma. Inafaa kuuliza kama hospitali unayopelekwa imo katika mpango huo, hasa kwa mfupa wa paja uliovunjika chini.

Choo, kigoda na mkeka

Mapendekezo mengi ya kulinganisha njia hizi yameandikwa na watu wenye choo cha kukalia. Sisi tuna choo cha shimo, kigoda cha kukamulia ng'ombe na mkeka.

Mfupa wa mwenyewe ukiunga, iwe kwa skrubu, bamba au msumari, mtu anaweza baadaye kuchuchumaa kadiri magoti yanavyomruhusu. Kichwa bandia kina masharti. Daktari akiwa ameingilia kwa nyuma, kukunja nyonga kupita nyuzi 90 huku goti likielekea ndani ndiyo njia ya kukichomoa, na kuchuchumaa chooni ni hilo hilo. Akiingilia pembeni, hatari ya kuchomoka ni ndogo zaidi. Uliza: "Mnaingilia nyuma au pembeni?" Ni swali dogo, na linamfanya daktari akutazame upya.

Jirani wa Bondeni aliyepangiwa hemi hakuuliza bei wala nchi ya chuma. Aliuliza, "Nitasujudu?" Tukamwambia ukweli: utaswali ukiwa kwenye kiti. Alinyamaza, akakubali. Ni afadhali alijua kabla. Kabla mgonjwa wa kichwa bandia hajatoka wodini, fundi awe ameshatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, cha kuwekwa juu ya shimo, kimo chake kifike juu kidogo ya goti la mgonjwa. Kitanda kipandishwe kwa matofali. Kigoda kiondoke machoni.

Pesa na siku

Chuma kimoja kinaweza kuwa na bei tatu mjini humu, kwa hiyo omba karatasi ya makadirio inayotenganisha chuma, thieta, usingizi na kitanda. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, si NHIF tena; hakikisha mzee amesajiliwa na malipo yako sawa siku ile ile ya kulazwa, kwa sababu idhini ndiyo inayokula siku. Tafuteni wa kutoa damu mapema.

Lengo ni upasuaji siku hiyo au kesho yake. Kwetu mara nyingi hupita. Hapo ndipo mzee anaharibikia: mapafu, vidonda vya kulalia, damu kuganda mguuni. Wakati mnasubiri, apewe dawa ya maumivu ya kutosha, ageuzwe kila saa mbili, anywe maji, na muulize kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda. Kukanda na mafuta kwa muunga mifupa hakufiki ndani ya nyonga. Kuning'iniza mguu kwa uzito kwa wiki sita hadi kumi na mbili ni kwa yule ambaye hawezi kabisa kustahimili upasuaji, isiwe njia ya kuokoa pesa.

Chochote atakachowekewa, ulizia siku ya kusimama. Kwa mzee inapaswa kuwa kesho yake, na fremu, na uzito wote ikiwezekana. Mama alisimama siku ya pili akimtukana mtu wa fizio kwa Kikikuyu, na hiyo kwangu ilikuwa dalili njema. Njia ya upasuaji inayomlazimu mzee asikanyage wiki sita ni njia mbaya kwake hata kama picha ni nzuri, maana mzee hajui kukanyaga nusu.

Ukitoka, usiache wodini stika za vyuma. Kila pakiti ina stika yenye jina, kipimo na namba. Omba zibandikwe kwenye kijitabu chako pamoja na nakala ya maelezo ya upasuaji. Kila kampuni ina bisibisi yake. Nimewahi kusimama thieta saa nzima, mgonjwa amelala kwa sindano ya mgongo, tukijaribu bisibisi moja baada ya nyingine kwenye skrubu iliyowekwa mji mwingine miaka sita nyuma, na hakuna aliyejua ni ya nani.